TAHADHARI: Ukiambiwa "mazabodi imekufa" bila laptopu kufunguliwa, ondoka nayo

Ndugu zangu, hasa mnaotumia laptopu za mtumba, kuna mchezo unachezwa kwenye baadhi ya vibanda vya mafundi Kariakoo. Umempata shangazi yangu, mweka hazina wa kikoba chao.

HP EliteBook yake iligoma kuwaka. Feni inazunguka, skrini nyeusi, taa ya Caps Lock inawaka na kuzima mara tatu, inatulia, inarudia. Fundi hakufungua hata skrubu moja. Alibonyeza kitufe, akatikisa kichwa: "Mama, mazabodi (bodi kuu ya mashine) imekufa. Niachie niichunguze." Jioni akapiga simu kwamba haitengenezeki, ila yeye anaweza kuichukua kama skrepa kwa elfu hamsini. Shangazi akakataa, akatozwa elfu ishirini za "uchunguzi" ndipo akarudishiwa mali yake.

Nilipoifungua nilikuta kipande kimoja cha ramu (kumbukumbu ya muda ya mashine), GB 2, tena kimelegea. Mimi ndiye niliyemwekea viwili vya GB 4, na risiti ninazo. SSD yake, ile diski ya kasi inayotunza mafaili, haipo, badala yake kuna hadidiski kuukuu. Nikaikandamiza ile ramu mpaka ikabana, mashine ikawaka. Mazabodi nzima! Lakini mahesabu ya hisa na marejesho ya kina mama wote wa kikoba yamekwenda na ile SSD, na hilo linaniuma kuliko fedha.

Kwenye HP nyingi za umri ule, taa ikipepesa mara tatu tatizo ni ramu. Mazabodi ni mara tano. Fundi aliliona jibu mbele ya macho yake.

Kwa hiyo yako ikigoma, kabla hujaibeba kwenda popote chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kama sekunde 30. Rudisha chaja peke yake, ujaribu. Wakati mwingine huamka hapo hapo. Ikikataa, chomoa tena chaja, toa ramu, safisha meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli, ujaribu kipande kimoja kimoja katika kila nafasi. Azima na chaja nyingine, ila iwe ya volti zilezile zilizoandikwa chini ya mashine.

Ukilazimika kwenda kwa fundi, kaa hapo anapofungua. Piga picha namba za ramu, diski na betri, naye akikuona. Mafundi waaminifu wapo na hawakasiriki kwa hilo. Akitaka ibaki, mwambie akutolee diski uondoke nayo. Kutafuta kwa nini mashine haiwaki hakuihitaji.

Kama yako imesharudi na vifaa tofauti, usibadilishe kitu. Chukua risiti, nenda polisi ukate RB. Sisi tumeshakata.

Na wewe uliyenunua SSD ya mtumba siku hizi ukakuta ndani mahesabu ya kikoba cha kina mama, tafadhali sana, usiifomati. Niandikie, nitakurudishia fedha uliyoinunulia.