Discord kwa sisi wa kufuma na kuangalia tamthilia pamoja

Hii nawaandikia nyie ambao mashoga zenu wako mtandaoni na mnapenda kazi za mikono, kufuma, kuchora, kutunga shanga, alafu jioni mnataka kuangalia kitu pamoja huku kila mtu yuko kwake. Sisi kikundi chetu ni cha kroshia, tuko Dar, Mwanza, Mombasa na mmoja yuko Ujerumani, na makao yetu ni Discord, programu ya bure ya simu na kompyuta ya kuongea, kuandikiana na kuonana kwa kikundi.

Kinachonifanya niipende ni vyumba vya sauti. Pale hakuna kupigiana simu wala kuulizana nani yuko free, chumba kipo wazi muda wote, unaingia unamkuta mwenzio na uzi wake mnaanza kupiga stori, na kama hamna la kusema mnakaa kimya kila mtu anafuma, unasikia tu mtu anahesabu cheni kwa sauti ya chini. Ukichoka unatoka. Discord ilianza 2015, waanzilishi wake Jason Citron na Stanislav Vishnevskiy waliitengeneza kwa ajili ya wacheza gemu, yaani watu ambao mikono iko bize lakini wanataka kuongea, na ukifikiria vizuri mtu wa kroshia ni yuleyule, mikono imejaa mdomo uko wazi. Ndo mana inatufaa hivi.

Alafu kuna ile ya kukata kelele inaitwa Krisp, ukiiwasha feni haisikiki na bodaboda za nje zinapungua sana, mjue tu hiyo wakati mwingine inakula na mwisho wa maneno ya mtu anayeongea taratibu.

Kufundishana sasa. Kuna dada wa Mombasa anawasha kamera anaielekeza kwenye mikono yake tu, uso haonyeshi, anatuonyesha kona ya kile kimraba cha kuunganisha blanketi: unafuma mara tatu kwenye tundu, unaweka cheni mbili, unafuma tatu tena kwenye tundu lilelile, hapo kona imekaa. Kwa maandishi hii kitu ilikuwa inatupiga chenga, lakini ukiona kidole chake cha kushoto kinavyobana uzi unaelewa palepale. Picha za kazi zina chaneli yake (yaani chumba cha maandishi), patani zina chaneli yake, umbea una chaneli yake, kwaiyo patani ya mwaka jana unaitafuta unaipata, haijafukiwa na good morning za watu.

Kwenye kuangalia, tumieni Watch Together, iko humohumo ndani na ni bure. Inacheza video za YouTube, na mtu mmoja akibonyeza pause inasimama kwa wote, kwaiyo pale mama mkwe anapofungua ile barua wote mnapiga kelele sekunde moja. Na bongo movie na tamthilia zilizoko YouTube ni nyingi, hamtakosa. Kushare skrini pia kupo, kwa bure unapata 720p (ubora wa picha wa kawaida), ila msitegemee kurusha Netflix kwa njia hiyo, mara nyingi wenzenu wataona skrini nyeusi tu wakati sauti inaenda, ni ulinzi wa haki miliki, simu zenu hazina kosa.

Bando ndo swali ninaloulizwa sana. Sauti peke yake haili sana, chumba kikitengenezwa kinakuja na 64 kbps (kiasi cha data sauti inachotumia kila sekunde) na mwenye seva, yaani aliyefungua makao ya kikundi, anaweza kuishusha mpaka 8, sauti inakuwa mbaya lakini maneno yanasikika. Video ndo inameza, kwaiyo sisi siku za katikati ya wiki ni sauti tu, za kuangalia ni Jumamosi, ambao wana waifai wanakaa mpaka mwisho na wengine tunawasimulia.

Cha muhimu zaidi kwa dada zangu: humu unajulikana kwa jina ulilochagua, namba yako ya simu haionekani kwa wenzio. Mtu wa kikundini hawezi kuamka usiku akakupigia kwenye namba yako. Hilo peke yake kwangu ni nyota moja nzima. Lakini msijiachie, sauti na video zilianza kuwekewa ulinzi wa mwanzo mpaka mwisho (hata Discord wenyewe hawasikii) 2024, maandishi bado, kwaiyo picha za vitambulisho na mambo ya hela msitume humo.

Ubaya upo. Menyu ya Kiswahili hakuna, na mara ya kwanza ukifungua vitufe ni vingi, mtu mzima anaweza kuachana nayo siku hiyohiyo, mkae naye mumwelekeze. Faili la bure ukomo wake ni 10 MB, ndogo sana kwa video ya mafunzo, sisi tunaiweka YouTube kwa linki ya siri ndo tunaleta linki. Nitro, yaani Discord ya kulipia, inaongeza ukubwa wa mafaili na ubora wa picha, kwa kikundi cha watu kama sita hamuihitaji, hela hiyo nunueni uzi.

Nyota nne na nusu. Mkifungua seva yenu, linki ya mwaliko inakufa baada ya siku 7 kama hujaibadilisha, iacheni hivyohivyo, anayetaka kuingia aombe upya.