Kuingiza sauti zetu za Pwani ndani ya Vital: inafaa wapi, haifai wapi

Assalamu alaikum, hamjambo nyote. Karibuni tena hapa Mombasa. Leo naichambua Vital, programu ya kutengenezea sauti za muziki, lakini si Vital nzima, maana tukianza kupitia kila kibonye tutakesha. Nataka kuzungumzia jambo moja ambalo vijana wenzangu wa studio wananiuliza kila mara: nikirekodi sauti yangu mwenyewe, iwe zumari, tashkota au mtu anaimba, naiingizaje humu, na ikishaingia inakuwa nini?

Mwenye haraka nampa jibu sasa hivi. Ukitaka kuigeuza sauti yako iwe kitu kipya kabisa, sijaona programu ya bure inayoishinda Vital. Ukitaka kuipiga ala yenyewe vile ilivyo, noti kwa noti, tafuta programu nyingine. Wengi wanaoilaumu wanaidai kazi ambayo haikutengenezewa.

Kwa asiyeijua, ni sinthesaiza ya kompyuta aliyoiandika Matt Tytel, na ilitoka Novemba 2020. Toleo la bure lina injini ile ile. Ukilipa dola 25 au dola 80 unaongezewa hasa priseti, yaani sauti zilizokwisha tengenezwa, na majedwali ya mawimbi, yaani mikusanyo ya mawimbi ya kuzalishia sauti. Inaingia Windows, Mac na Linux.

Haya, tufungue. Angalieni hapa kushoto. Kuna osileta tatu, yaani vizalishi vya sauti, na chini yake kuna kisanduku kimeandikwa SMP, yaani sampler, sehemu ya kupigia rekodi. Sauti yako inaweza kuingia kwa SMP au kwa osileta, na hizo ni njia mbili tofauti kabisa. Hapa ndipo watu wanapotea, kwa hivyo hapa tutakaa.

Tuanze na SMP. Faili ninayoiburuta ni ya muuza kahawa wa Mji wa Kale. Mnamjua, dele mkono mmoja, finjani mkono mwingine, na anavyozigonganisha hata hahitaji kuita mteja. Sikilizeni: tang, tang-tang. Kibonye cha kufuata kinanda kikiwa kimewashwa, nikibonyeza C ya katikati, inatoka kama nilivyoirekodi. Nikipanda, inakuwa nyembamba na inakwisha haraka. Nikishuka, inavutika mpaka inakuwa kama kengele kubwa. Hiyo ni kwa sababu SMP inachukua rekodi moja tu na kuitandaza kinanda kizima, ikiikimbiza juu na kuipunguza mwendo chini. Kwa finjani ni raha tupu. Kwa zumari, oktava moja tu ukipanda, mpigaji anasikika kama mtoto amemeza puto.

Vibonye vyake ni vichache: cha kufuata kinanda, cha kurudiarudia, cha kwenda mbele na kurudi nyuma, na cha kuanzia popote kwa bahati nasibu. Hakuna pa kuchagua rekodi ianzie wapi na iishie wapi, na hili ndilo lawama langu kubwa. Kwa hivyo kata kwanza nje, kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti. Vuta picha ya sauti karibu mpaka uone lile wimbi la kwanza likiinuka, kisha ukate kimya chote kilicho mbele yake. Ukiacha hata sehemu ya ishirini ya sekunde, kila noti utakayopiga itachelewa, na utadhani laptopu ndiyo inayozembea.

Njia ya pili ni osileta. Nikiiburuta faili juu ya osileta, mnaona inanigawia nafasi tatu: Wavetable, Vocode na Pitch Splice. Ukiangusha kwenye yoyote, Vital haipigi tena rekodi yako. Inaikatakata vipande vidogo, kila kipande kinakuwa wimbi moja lenye nukta 2048, yaani vipimo vidogo vya sauti, halafu inalizungusha wimbi hilo bila kukoma kwa kasi ya noti uliyobonyeza. Ile pini ya kutembeza mawimbi ndiyo inayokupeleka toka mwanzo wa rekodi hadi mwisho.

Sasa niweke finjani ile ile hapa. Sikilizeni tofauti. Mmesikia? Mlio wa kaure umepotea, imebaki sauti kama ya kinanda cha upepo. Sababu yake ni ya kifizikia. Wimbi linalojirudia sawasawa linaweza kubeba masafa ya msingi, yaani kasi ya mtetemo inayoamua noti, pamoja na mara mbili yake, mara tatu, mara nne, basi. Finjani, kengele na matari zina masafa yasiyokaa kwenye hesabu hiyo, na huo ndio utamu wake. Osileta inayalazimisha yote yapange foleni. Kwa hivyo vitu vya kugonga vipelekeni SMP, na vitu vyenye noti iliyo wazi ndivyo mvilete huku.

Zumari ni wa huku. Ana noti iliyo wazi na sauti kali iliyojaa, kwa hivyo Pitch Splice inamshika vizuri: inatafuta noti yenyewe na kukata pale wimbi linapoanza upya. Ukichagua Wavetable ya kawaida, mkato ni wa kipimo chako wewe, na hapo inabidi upige hesabu kidogo. Rekodi ya kawaida ina nukta 44,100 kwa sekunde. Noti ya 220 Hz inajirudia kila baada ya nukta kama 200, ya 440 Hz kila baada ya nukta kama 100. Ingia kwenye kihariri cha mawimbi, ulete ukubwa wa dirisha, yaani urefu wa kila kipande kinachokatwa, kwenye namba hiyo, na ile mikwaruzo inayowakera itaondoka. Vocode iwekeeni sauti ya mtu. Ukitembeza pini kwa LFO, yaani wimbi la polepole linalosogeza vibonye lenyewe, inayopanda mara moja kwa kila noti, maneno yanasikika na melodi unaitoa wewe kwenye kinanda.

Sasa nifike pale paliponifanya niipende programu hii. Tashkota. Wazee wa taarab wanaijua, ile ala ya nyuzi yenye vibonye kama taipureta, iliyotoka Japani mwanzoni mwa karne iliyopita ikafika mpaka harusi zetu. Utamu wake uko mahali pawili: ule mkwaruzo wa kidole cha plastiki kikigusa waya, halafu waya wenyewe unavyolia na kufifia. Mkwaruzo hauna noti, waya una noti. Basi nikaigawa. Mkwaruzo peke yake nimeuweka SMP, nikazima kurudiarudia, nikazima kufuata kinanda ili usibadilike juu wala chini. Waya nimeupeleka osileta ya kwanza kwa Pitch Splice, na pini naitembeza kwa envelopu, yaani mchoro wa kupanda na kushuka unaoanza kila noti ikipigwa, ianzie kwenye mawimbi makali iishie kwenye yaliyopoa. Sikilizeni oktava tatu mfululizo. Hakuna aliyemeza puto. Si tashkota halisi, na sitaki mtu aniambie ni tashkota halisi, lakini ni jamaa yake wa damu, na hakuna pakiti ya sauti ya kununua itakayokupa sauti hii.

Na bado. Osileta ina orodha ya kuvuruga wimbi, na humo mna FM, yaani kutikisa masafa ya sauti moja kwa sauti nyingine, inayochukua kutoka kwenye sampuli, ile rekodi ya SMP. Nikiwasha hiyo na finjani ziko SMP, mgongano wa finjani unaitikisa osileta. Nageuza kidogo tu, hapa, usizidishe. Hiyo sauti imepata meno.

Mambo mawili matatu ya haraka. Faili iwe WAV. Simu nyingi zinarekodi M4A, na Audacity kwenye Windows itakutaka uongeze FFmpeg, nyongeza ya kusomea aina nyingine za faili, kwanza ndipo iisome. Mwenzako akikurekodia, asikutumie kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, maana inabanwa mpaka sauti za juu zinaisha. Aitume kama dokumenti. Na laptopu ikiwa ni ya zamani, nenda ukurasa wa Advanced ushushe oversampling, yaani hesabu za ziada za kusafisha sauti, utapumua.

Kwenye ukurasa huo huo pana mahali pa kupakia faili ya mizani ya noti, aina ya SCL. Prodyuza wa taarab, hii ni yenu. Rasti na Bayati, maqamu au mizani za muziki wa Kiarabu, zina robo noti ambazo kinanda cha kawaida hakina, na ukipakia mizani yake sauti uliyoitengeneza itaimba maqamu bila kupinda kila noti kwa mkono.

Jingine ninalolisifu: priseti ukiihifadhi, sauti yako inahifadhiwa ndani yake. Unamtumia mwenzako wa Malindi faili moja, anafungua, kila kitu kipo.

Lakini ukitaka zumari asikike ni zumari, mwenye rekodi tofauti kwa kila noti, na laini na kali mbalimbali, chukua Decent Sampler. Nayo ni bure, na imetengenezewa kazi hiyo. Mimi nazitumia zote mbili kwenye wimbo mmoja.

Na mkienda kumrekodi mzee wa zumari au muuza kahawa, muombeni kwanza, mlipeni, na mwambieni sauti inakwenda wapi. Huyu wa kwangu alikubali niwagawie, kwa hivyo finjani, tashkota na priseti yenyewe viko hapo chini kwenye maelezo. Chukueni, mvitumie, mkitengeneza kitu nileteeni nisikie.