Mfuko wa Umoja wa UTT AMIS: tathmini kwa mwekezaji mdogo anayesita kuchagua hisa mwenyewe

Kila msimu wa magawio, yaani sehemu ya faida inayogawiwa wenye hisa, unapofika na benki kubwa zikatangaza faida zake, swali lile lile huzuka miongoni mwa wawekezaji wadogo wa Tanzania: ninunue hisa za CRDB, za NMB, au fedha zangu nizipeleke UTT? Wanaouliza hivyo mara nyingi wanaifikiria UTT, taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, kama mahali pamoja tu, ilhali ina mifuko kadhaa yenye tabia tofauti kabisa. Tathmini hii inahusu mfuko ulio mkongwe kuliko mingine yote, yaani Mfuko wa Umoja, kwa sababu ndio unaomgusa moja kwa moja mtu anayetaka ukuaji wa hisa lakini hana uhakika kama ana uwezo wa kuzichagua.

Mfuko huu ulizinduliwa Mei 2005, miaka miwili baada ya serikali kuanzisha UTT kwa lengo la kumwezesha mwananchi wa kawaida kumiliki sehemu ya soko la mitaji. Leo unasimamiwa na UTT AMIS chini ya uangalizi wa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na mali za mifuko yote ya taasisi hiyo kwa pamoja zimeshavuka shilingi trilioni 2. Utaratibu wake ni rahisi kueleweka. Wawekezaji wananunua vipande, yaani sehemu ndogo za umiliki wa mfuko, fedha zao zinakusanywa pamoja, na wataalamu wanaziwekeza. Hisa zinaweza kufika nusu ya mali ya mfuko, na sehemu inayobaki huwekwa katika hatifungani (mikopo ya muda mrefu inayolipa riba), dhamana nyingine za serikali na amana za benki. Kianzio ni vipande kumi, kiasi ambacho mama lishe au dereva wa bodaboda anaweza kukimudu. Mfuko haugawi gawio kwa wenye vipande: kinachopatikana hurudishwa ndani, na ukuaji huonekana katika bei ya kipande ambayo hutangazwa mara kwa mara.

Ubora wa bidhaa hii hauwezi kupimwa bila kuangalia yaliyowapata watu waliochagua hisa wenyewe katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, na mfano unaofundisha zaidi ni wa CRDB. Mwaka 2009 hisa zake ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 150. Zilipanda, hata zikawa zaidi ya maradufu ya bei hiyo, kisha mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, ikaongezeka, faida ikashuka, na bei ikateremka hadi kufikia mwaka 2019 hisa hiyo ikawa inauzwa kwa bei ya chini kuliko ile ya kuanzia. Mtu aliyevumilia muongo mzima alikuwa na karatasi inayoonyesha hasara, ukiacha magawio aliyopokea njiani. Wengi waliuza wakati huo, nami siwalaumu, kwa sababu hakuna aliyekuwa na ushahidi kwamba mambo yangegeuka. Hata hivyo yaligeuka: gawio la mwaka 2023 lilikuwa shilingi 50 kwa hisa, la mwaka 2024 likawa shilingi 65, na bei ikapanda mara kadhaa kupita ile 150. Aliyeuza mwaka 2019 na aliyebaki walikuwa wameichagua kampuni ile ile. Kilichowatofautisha ni namna walivyostahimili miaka mibaya, na jambo hilo haliandikwi katika waraka wowote wa matarajio, ule anaopewa mnunuzi wa hisa mpya.

Lakini uvumilivu peke yake hautoshi, na ningependa wanaoshauri vijana "nunua usahau" walizingatie hili. Vodacom Tanzania ilipouza hisa zake mwaka 2017 kwa shilingi 850 ilikusanya shilingi bilioni 476, ikiwa kampuni inayojulikana katika kila kijiji, jambo lililowafanya wengi waamini kwamba umaarufu wa jina ni sawa na usalama wa mtaji. Kwa miaka mingi baada ya hapo bei ilikaa chini ya ile waliyolipa. Wakati huohuo NMB, iliyouzwa kwa shilingi 600 mwaka 2008, ilifikia kutoa gawio la zaidi ya shilingi 361 kwa hisa kutokana na faida ya mwaka 2023 pekee. Sasa fikiria mwekezaji aliyekuwa na fedha ya kununua kampuni moja tu kati ya hizi. Matokeo yake yangeamuliwa na uchaguzi mmoja, alioufanya pengine kwa kusikiliza redio au rafiki.

Hapo ndipo Umoja unapostahili sifa. Kwa vipande vichache mtu anakuwa na sehemu ndogo ya kampuni nyingi pamoja na hatifungani zinazolipa riba hata hisa zinapodumaa, na zaidi ya yote anaondokana na kishawishi cha kuuza kampuni moja kwa hofu au kuikimbilia nyingine kwa tamaa. Nimekuwa na vipande vya mfuko huu kwa muda wa kutosha kuona vipindi vya bei kutembea polepole mno, na naamini kwa dhati kwamba mwendo huo umewalinda wenye vipande dhidi ya maamuzi ambayo wangeyajutia.

Udhaifu wake nao ni wa kweli. Kwanza, soko letu ni dogo: kampuni zilizoorodheshwa hazifiki thelathini, baadhi yake ni za Kenya zilizoorodheshwa pia Dar es Salaam, na mauzo ya kila siku hutawaliwa na hisa chache, hasa za benki. Msimamizi, hata awe hodari kiasi gani, hawezi kununua kisichouzwa. Kilimo, ambacho ndicho kinachowalisha Watanzania wengi, karibu hakimo sokoni, na sehemu kubwa ya madini pia haimo. Kwa hiyo mwenye vipande vya Umoja ametawanya hatari kati ya benki, saruji, bia, sigara na deni la serikali, na asidhani ameununua uchumi mzima. Pili, sehemu ya hatifungani hufuata riba zilizopo wakati wa kuwekeza. Aprili 2022 riba ya hatifungani mpya za miaka 25 ilishushwa kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56, mabadiliko yanayotosha kuonyesha kwamba faida ya mwaka uliopita haimwahidi mtu chochote kuhusu miaka kumi ijayo. Tatu, hisa za benki zinapopaa, mfuko wenye hatifungani ndani yake hautapaa kwa kasi hiyo, na asiyekubali hilo tangu mwanzo atauacha kwa wakati usiofaa.

Kwa anayetaka kuchagua hisa mwenyewe, sina sababu ya kumzuia, ila kazi yenyewe aijue. Asome hesabu za kila robo mwaka, aangalie kama faida imetokana na biashara au na kuuza mali, afuatilie kiwango cha mikopo chechefu ikiwa ni benki, na ajue ni hisa ngapi hubadilishana mikono kwa wiki, kwa kuwa zipo kampuni nzuri ambazo ukitaka kuuza hisa zake unaweza kukaa muda mrefu bila kupata mnunuzi. Ada za dalali na za wasimamizi wa soko, kwa miamala midogo, huweza kuvuka asilimia 2 wakati wa kununua na tena wakati wa kuuza, hivyo kuingia na kutoka mara kwa mara kunakula mtaji hata kabla soko halijamdhuru. Gawio la kampuni zilizoorodheshwa hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Mwenye muda wa kufanya hayo yote anaweza kuweka msingi wa akiba yake Umoja na kutenga sehemu ndogo kwa kampuni mbili au tatu anazozielewa kwelikweli.

Asiyefaa kabisa kuwa Umoja ni mtu mwenye matumizi ya karibu. Kutoka kunatozwa asilimia 1, malipo yanaweza kuchukua hadi siku 10 za kazi, na bei ya kipande inaweza kuwa imeshuka siku hiyo hiyo anayohitaji fedha. Karo ya Januari, kodi ya nyumba na fedha ya matibabu mahali pake ni Mfuko wa Ukwasi, usio na hisa wala tozo ya kutoka. Mstaafu anayetaka kipato cha kila mwezi naye aulizie Mfuko wa Hatifungani, ulioanzishwa mwaka 2019, kabla hajaweka kiinua mgongo chake Umoja, mfuko ambao hautamlipa chochote mpaka auze vipande.