Boyhood: dakika 165 na mtoto wa wazazi walioachana

Niseme mapema ili asiye na subira aondoke na muda wake: filamu hii haina kisa cha kukimbizana nacho. Hakuna siri inayofichuka, hakuna adui wa kushindwa mwishoni. Kuna mtoto anaitwa Mason, anaishi Texas na mama yake Olivia na dada yake Samantha. Tukikutana naye ana miaka 6 na wazazi wake walishaachana. Tukiagana naye ana miaka 18, anaingia chuo. Basi. Kama hapo umeshapiga miayo, hii si yako.

Namna ilivyotengenezwa inajulikana sana, ila siwezi kuiruka. Mwongozaji Richard Linklater alianza kupiga picha mwaka 2002 akamaliza 2013, kila mwaka akiwakusanya waigizaji walewale kwa siku chache. Kwa hiyo Ellar Coltrane, anayeigiza Mason, anakua mbele ya macho yako kwelikweli: mashavu yanapungua, sauti inakwaruza, chunusi zinakuja. Wazazi nao wanaongezeka kilo na mikunjo bila kupakwa chochote. Sheria ya California, jimbo la Hollywood, hairuhusu kumfunga mtu kwa mkataba wa kazi unaozidi miaka saba, kwa hiyo mradi mzima ulisimama juu ya watu kurudi kwa hiari yao. Linklater alimwachia Ethan Hawke, anayeigiza baba, wasia kwamba yeye akifa Hawke aimalizie. Na binti wa Linklater mwenyewe, Lorelei, ndiye Samantha. Kuna wakati alichoka akamwomba baba yake amuue mhusika wake. Baba akakataa. Nilicheka niliposikia hilo, kwa sababu ukiitazama filamu unakaribia kuuona mwaka wenyewe aliochoka.

Lakini mimi sikuifuata kwa sababu ya hayo. Nimelelewa kati ya nyumba mbili, na filamu zinazoifanya talaka kuwa tukio moja zimenichosha: ugomvi sebuleni, hakimu, mtoto ananyamaza kwenye ngazi. Kwa anayeiishi, talaka ni ratiba. Ni begi lililo nusu limefungwa. Ni kuzoea nyumba ukaambiwa tunahama. Linklater ameanzia hapo hapo, na sijaona aliyelishika jambo hili vizuri kuliko yeye.

Angalia wanavyohama mara ya kwanza kwenda Houston. Nyumba inasafishwa, na Mason anapewa brashi apake rangi. Kwenye mwimo wa mlango kuna alama za urefu wao walivyokuwa wakipimwa. Anazipaka, zinapotea, anaendelea na kazi. Muziki hautushiki mkono, mama hatoi hotuba. Kisha wako garini, rafiki yake yuko nje kwa mbali, gari linapita, na hatutamwona tena yule rafiki. Ndivyo watu wanavyotoka katika maisha ya mtoto anayehamahama, hakuna anayekuandalia kikao cha kuaga.

Sehemu niliyoirudisha nyuma nikaitazama tena ni ya garini vilevile. Baba amekuja kuwachukua kwa wikendi. Anauliza wiki ilikuwaje, anapata majibu ya neno moja moja. Anaegesha pembeni, anawageukia, anawaambia hataki kuwa baba wa aina ile, wa kuendesha gari na kuulizana habari za juujuu. Anataka waongee naye sawasawa. Mason anamrudishia: mbona yote yatoke kwetu, wewe je, wiki yako ilikuwaje? Baba anakwama. Halafu anakubali kwamba pengine mazungumzo yaachwe yaje yenyewe. Kila aliyewahi kuchukuliwa Ijumaa na kurudishwa Jumapili anaijua hali hiyo: mzazi ana saa chache, anataka ukaribu wa wiki nzima uingie mle ndani, na wewe unataka tu kuangalia dirishani.

Hawke ni mzuri kupita kiasi, na hapo ndipo penye utamu na uchungu. Baba huyu anakuja na zawadi, anawapeleka kucheza bowling, anapiga gitaa, anasimulia siasa. Ana gari la GTO, la zamani lenye injini kubwa, ambalo kila mvulana angelitamani. Mama anakuja na kazi za shule, bili na amri ya kulala. Watoto wanacheka wakiwa na nani? Jibu unalijua. Nilipoitazama mara ya kwanza nami nilikuwa upande wa baba. Mara ya pili nilianza kuhesabu nani anapika, nani anasaini karatasi za shule, nani anarudi darasani usiku apate shahada ili nyumba isimame. Filamu inajua hesabu hiyo, ila haikusomei. Kwenye sherehe ya Mason kumaliza shule, baba anamshukuru Olivia kwa malezi, anataka kuchangia gharama, anafungua pochi, haina kitu. Ni jambo la kuchekesha na linapita haraka, lakini kwangu ni muhtasari wa miaka yote 12.

Na lile gari la GTO? Baba akioa tena, akapata mtoto mwingine, analiuza ananunua gari la familia. Mason anasema aliahidiwa kwamba lingekuwa lake akifikisha miaka 16. Baba hata hakumbuki kusema hivyo. Hamkaripii, wala haombi radhi ya maana. Mtoto ananuna, safari inaendelea.

Patricia Arquette, mama, ndiye aliyeondoka na Oscar mwaka 2015, na ni pekee ambayo filamu ilipata kati ya sita ilizotajwa kuwania. Halali yake. Olivia anaolewa na mhadhiri wake, Bill, mwanamume nadhifu mwenye watoto wawili, na polepole chupa inatoka kabatini hadi inakaa mezani. Kabla ya vurugu kubwa kuna tukio dogo lililoniudhi kuliko vurugu zenyewe: Bill anampeleka Mason kinyozi na nywele zake ndefu zinanyolewa zote, hakuulizwa. Uso wa mtoto kwenye kile kiti! Baba wa kambo hajampiga kofi, lakini amemwonyesha mwili wake ni wa nani ndani ya nyumba ile. Mama anapokuja hatimaye kuwaokoa watoto wake, wale wawili wa Bill wanabaki. Kisheria si wake. Walikuwa ndugu wa kulala chumba kimoja, kesho yake hawamo kwenye filamu. Nilingoja warudi mpaka mwisho.

Sasa lawama. Samantha anaanza kama moto, anaimba, anamchokoza mdogo wake, halafu nusu ya pili anageuka kuwa mtu wa kupita jikoni akiwa na simu. Huyu mtoto naye alipitia yaleyale; Mason hakuyapitia peke yake. Najua jina la filamu maana yake ni utoto wa mvulana, bado. Pili, baada ya Bill anakuja Jim, askari aliyepigana Iraki, naye pombe. Si kwamba haiwezekani, wanawake wengi wanaangukia shimo lilelile mara mbili, ila Jim hakupewa muda wa kuwa mtu kabla ya kupewa chupa. Tatu, kuna kijana Mlatino, Enrique, kibarua wa mabomba, ambaye Olivia anamwambia ana akili arudi shule. Miaka mingi baadaye anatokea akiwa meneja wa mgahawa na anamshukuru kwa kumbadilishia maisha. Filamu nzima inakataa kutia chumvi, halafu hapo inamwaga kopo zima. Na yale mazungumzo ya Mason na msichana wake kuhusu simu na maana ya maisha yanarefuka mno, ingawa nakiri vijana wa miaka 17 huongea hivyo hivyo.

Mambo ya kujua kabla ya kuiwasha. Usisubiri maandishi ya kukuambia mwaka umebadilika, hakuna; utajua kwa nywele, kwa aina ya simu, kwa mabango ya Obama ya 2008. Usiikate vipande vya siku tatu, maana inafanya kazi kwa kukusanyika, na ukikatiza unapoteza ule mshtuko wa kumtazama Mason ghafla ukamkuta ana ndevu. Na usiiweke kama filamu ya kuangalia na watoto wadogo kwa sababu eti inahusu mtoto: Marekani iliwekwa daraja la R (aliye chini ya miaka 17 lazima awe na mtu mzima), kuna matusi, bia na bangi za vijana, na zile vurugu za Bill, zinazolipukia mezani, zinatisha.

Ukiwa umeachana na mwenzako na mna watoto, itazame kwanza peke yako. Kuna dakika chache karibu na mwisho, Mason akifunga mizigo ya chuo na Olivia akaanza kuorodhesha alichofanya maishani, ambazo hutataka mtu akuone.

Nyota nne. Ya tano ningeitoa kama wangempa Samantha hata nusu saa yake.