Vitabu vya D&D vinavyokuja: nunua kipi kwanza ukiwa Arusha au Moshi

Kila kikitangazwa kitabu kipya cha D&D (Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika) magrupu yetu ya huku yanachangamka balaa, mtu anataka alipie siku hiyo hiyo hata hajajua ndani kuna nini, na hamu hiyo naielewa kabisa maana mchezo huu ukishakukamata umekukamata. Ila hela zetu wengi ni za kuchanga. Kitabu kikubwa kimoja cha Wizards of the Coast, kampuni inayotoa D&D, kinauzwa dola 49.99 huko Marekani, hapo hujaongelea usafiri, yaani ni laki na zaidi kwa kitabu kimoja tu, na ukishalipia ukakuta hakikufai huna pa kukirudisha. Kwa hiyo wadau nimepanga hapa kwa mtazamo wangu kipi kinunuliwe kwanza na kipi kisubiri. Msimamo wangu ni kwamba kitabu ambacho hakijatoka kikae mwisho wa foleni, kwa sababu kabla yake kuna vitu vinavyofanya meza ichezeke kweli, na vingine ni bure.

Kwa mgeni kabisa kwa kifupi: D&D ilianza 1974, walioitunga ni Gary Gygax na Dave Arneson, mnakaa mezani mmoja wenu ndo DM (Dungeon Master) anaongoza stori na mazimwi, wengine kila mtu ana mhusika wake, ukitaka kufanya kitu kigumu unarusha dadu ya pande 20 unajumlisha na uwezo wa mhusika wako. Tunalocheza sasa ni toleo la tano la 2014 lililofanyiwa marekebisho makubwa 2024. Vitabu vyake vikuu viko vitatu na havikutoka pamoja: Player's Handbook cha wachezaji Septemba 2024, Dungeon Master's Guide cha DM Novemba, halafu Monster Manual cha mazimwi mpaka Februari 2025. Zingatieni hilo pengo, aliyelipia vyote vitatu mapema hela yake ya mazimwi ilikaa tu miezi kadhaa bila kazi.

Namba moja, na hapa sitetereki, ni sheria za bure pamoja na dadu. Wizards wametoa hati ya sheria za msingi inaitwa SRD, toleo la 5.2 lilitoka Aprili 2025, ni PDF ya kurasa mia tatu na ushee na ipo chini ya leseni ya Creative Commons, CC BY 4.0, maana yake unaishusha, unaiprinti, unawagawia wenzako, hata kuitafsiri unaruhusiwa, mradi tu uweke yale maneno ya kutaja imetoka kwa nani kama walivyoelekeza humo ndani. Klasi zote 12 (aina za wahusika, kama mpiganaji au mchawi) zipo, kila moja na tawi moja (njia ya kuiendeleza klasi), spishi tisa (kama binadamu au elf), spelli (uchawi) kibao, na mazimwi ya kuendesha kampeni, yaani stori inayoendelea, ndefu bila kuomba kitu kwa mtu. Kinachokosekana hasa ni picha, matawi mengine ya klasi, na yale mazimwi ambayo kampuni imeyang'ang'ania iwe nayo peke yake kama beholder, lile la jicho kubwa. Watu wanaidharau kwa sababu ni ya bure, wanaona kama sio kitabu "original", lakini sheria za msingi ni zile zile, pigano litaenda vile vile, na mchezaji wa levo ya kwanza hatahisi tofauti kubwa.

Usiprinti yote, ni kupoteza hela. Printi jinsi ya kucheza, kurasa za klasi mlizochagua, spelli za levo za chini, na ile sehemu ya hali kama kupooza au kupofuka kwa sababu ndo inayofunguliwa kila dakika. Stesheneri za karibu na vyuo, upande wa Ufundi kwa Arusha au Ushirika kwa Moshi, zimezoea kazi za kurasa nyingi, waambie mbele na nyuma, black and white, wakupigie spairo, na uliza bei ya jumla kabla hawajaanza maana kurasa zikiwa nyingi inashuka.

Na hilo la kutafsiri msilichukulie poa. Mezani kwetu kuna madogo wanaocheza kwa akili nyingi sana ila Kiingereza cha zile sheria kilikuwa kinawafanya wanyamaze, tukakaa tukaandika spelli zao kwa Kiswahili kwenye vikaratasi, inafanya nini, inafika umbali gani, unarusha dadu ngapi, basi wakaanza kuchangamka, wanapanga mbinu wenyewe, wanabishana na DM kwa hoja. Hakuna kitabu chochote cha dola hamsini kitakachokupa hicho, na leseni inakuruhusu kihalali kabisa, hata mkitaka kuwapa meza nyingine.

Dadu sasa. Set kamili ni saba: pande 4, 6, 8, 12, 20, na za pande kumi ziko mbili, moja imeandikwa kwa makumi kwa ajili ya kupata asilimia. Madukani huku utapata ya pande sita ya ludo basi. Nzuri ni kwamba ni nyepesi, zinaingia kwenye kabahasha kadogo, kwa hiyo kama kuna mtu anakuja kutoka nje mwombe dadu kabla hujamwomba kitabu, hatakataa. Wakati mnasubiri chukueni vizibo vya soda ishirini, andikeni 1 mpaka 20, tieni kwenye mfuko, kila mtu anachota kimoja anakirudisha kabla mwingine hajachota, msiporudisha bahati inakuwa sio sawa tena. Dadu za kwenye simu zipo pia ila simu ikishaingia mezani watu wanaanza kuchati.

Namba mbili ni Player's Handbook ya 2024, kopi moja kwa meza nzima, mchange. Kurasa 384, klasi 12 na kila klasi ina matawi manne kwa hiyo 48 jumla, spishi 10, asili za wahusika 16. Kilichobadilika ukilinganisha na ya 2014 ni kwamba nyongeza za uwezo hazitoki tena kwenye spishi, zinatoka kwenye asili yako, yaani maisha uliyoishi kabla ya safari, na hii mimi naipenda sana, mtu alikotoka na kazi aliyofanya ndo vimjenge. Kila mhusika anaanza na kipaji cha ziada, na silaha zimepewa ufundi wake kwa hiyo yule wa upanga naye ana cha kufikiria kila zamu, sio kusema tu "nampiga" halafu anakaa.

Kama tayari mna ile ya 2014 msikimbilie. Visa vya zamani vinachezeka na sheria mpya bila shida kubwa, na tofauti nyingi nilizotaja mtazionja kwenye SRD kwanza. Kingine, kampuni huwa inatoa masahihisho bure mtandaoni na chapa za baadaye zinakuwa zimeyaingiza, kwa hiyo aliyesubiri anapata kitabu kisafi zaidi kuliko aliyewahi.

Kuna watakaosema si ununue ya kidijitali kwenye D&D Beyond, tovuti rasmi ya mchezo, usafiri hamna. Ni kweli, ila elewa unachonunua: hupewi PDF, kitabu kinakaa kwenye akaunti yako, na kushea na wenzako mezani lazima mmoja wenu awe analipia usajili wa Master. Kwa meza ya watu watano wenye bando la kuungaunga naona karatasi inashinda, na umeme ukikatika mnaendelea na mshumaa.

Hapa niwape njia ya pembeni kwa ambaye ana kadi ya kulipia mtandaoni lakini kupokea mzigo ndo mtihani: Pathfinder, mchezo unaofanana na D&D wa kampuni ya Paizo. Wenyewe wanauza PDF halisi, unashusha inabaki kwako, na sheria zao zote zipo bure kwa ruhusa yao kwenye tovuti ya Archives of Nethys. Player Core ilitoka Novemba 2023 ina klasi nane, Player Core 2 ya 2024 ikaongeza nyingine nane. Kila zamu una vitendo vitatu unavipanga unavyotaka, na wanaopenda kupiga hesabu za mhusika wao usiku kucha wataipenda kuliko D&D. Mimi naiweka pembeni kwa sababu moja tu, sheria ni nyingi, mgeni anachoka kabla utamu haujafika.

Namba tatu, Monster Manual, na hii ni ya DM pekee yake. Mazimwi zaidi ya 500, picha za kuwaonyesha watu mezani wakashtuka, na ina vile ambavyo SRD haina. DM wako anatumia muda wake wa wikiendi kuwaandalia nyie, kwa hiyo mkichanga kitu cha pili baada ya Player's Handbook mchangieni yeye.

Namba nne, boksi la kuanzia. Heroes of the Borderlands lilitoka Septemba 2025, lina kadi, vipande vya kuweka mezani, ramani, dadu, na kisa cha levo 1 mpaka 3. Lingekuwa juu zaidi kama ingekuwa rahisi kulifikisha, kwa walimu wenye klabu za shule ni zuri mno maana watoto wanashika vitu mkononi. Tatizo ni ukubwa, boksi linakula nafasi kwenye begi la mtu kuliko kitabu.

Namba tano Dungeon Master's Guide. Nzuri, ina Greyhawk (ulimwengu wa kuchezea stori) na ina sheria za wahusika kujenga ngome yao, lakini DM anaweza kuendesha mwaka mzima bila hiyo.

Ndo sasa tunafika kwa vitabu vinavyokuja, namba sita. Sisemi visinunuliwe, nasema vichunguzwe kwanza, na njia ipo. Kabla ya kitabu chenye klasi au matawi mapya, Wizards huwa wanatoa rasimu za bure zinaitwa Unearthed Arcana, unashusha unajaribu mezani, wanafungua dodoso unajaza maoni yako. Klasi ya Artificer, fundi wa vifaa vya kichawi, ilionekana kwenye rasimu Desemba 2024, kitabu chake cha Eberron (ulimwengu mwingine wa D&D) kikaja mwishoni mwa 2025. Muda wote huo unajua kabisa kama kuna mtu mezani kwenu anaitaka hiyo klasi au hapana. Jazeni hayo madodoso jamani, maoni ya meza ya Sakina au Majengo yanaingia kwenye boksi lile lile na ya mtu wa Seattle.

Kitabu kikitangazwa jiulize: ni cha wachezaji au cha DM? Mwaka 2025 Forgotten Realms (ulimwengu wa D&D ambao Faerûn ni bara lake) ilitoka kwa vitabu viwili, Heroes of Faerûn kwa wachezaji na Adventures in Faerûn kwa DM, sasa meza isiyocheza Faerûn kabisa ingenunua vyote viwili kwa ajili gani? Kama kampeni yenu mmeiweka mlima unaofanana na Kilimanjaro wenye madragoni kwenye barafu, kama yetu, mnahitaji mazimwi na spelli, ramani za miji ya watu wengine hamzihitaji.

Ukishaamua kununua, njia yenye presha ndogo ni mtu anayeshuka KIA na begi lake, na mji huu wa utalii hao hawakosekani, waongoza watalii wengi wana wageni wanaorudi kila msimu. Ya pili ni ndugu aliyeko Nairobi, anatuma kwa shuttle kupitia Namanga. Posta nayo inafika, ila uliza ushuru mapema na uandike namba ya simu kubwa juu ya mzigo, na waambie wauzaji wafunge kitabu kwa nailoni ndani ya boksi, jalada gumu likiingia maji ya masika kurasa zinashikana na hazitenganishwi tena.