Lebo za lugha kwenye tanbihi za Wikipedia: uzoefu wangu nikiandaa somo la Majimaji

Nafundisha historia sekondari, na jioni nikipata nafasi huhariri makala za Wikipedia ya Kiswahili zinazohusu kusini mwa Tanzania. Leo nataka kukisifia, na kukilalamikia kidogo, kitu ambacho wasomaji wengi hukipita: yale maneno "(kwa Kijerumani)" au "(kwa Kiingereza)" yanayotokea kwenye tanbihi baada ya jina la chanzo.

Nilianza kuyajali wakati naandaa somo la Vita vya Majimaji, yale mapambano ya watu wa kusini dhidi ya utawala wa Wajerumani. Ukitaka kuvisoma vita vile vya 1905 hadi 1907 kwa undani, lazima ukutane na lugha zaidi ya moja. Gavana wa wakati huo, Gustav Adolf von Götzen, aliandika kwa Kijerumani, na ripoti za maofisa wake ni vivyo hivyo. Wanahistoria waliokuja baada ya uhuru wameandika zaidi kwa Kiingereza. Mimi Kijerumani sikijui. Zamani nilikuwa nabofya tu kila kiungo: napakua faili zito kwa bando la simu, nasubiri, linafunguka, kumbe Kijerumani kitupu, tena kwa zile herufi zao za kale ambazo hata kuzitambua ni kazi. Siku hizi macho yanakwenda kwanza kwenye mabano. Chanzo cha Kijerumani nakiweka kando mpaka nipate wa kunisomea. Cha Kiingereza nakifungua mwenyewe. Cha Kiswahili nawapa wanafunzi wakisome wao. Kwa kazi hiyo peke yake, lebo hii imeniokolea muda na fedha.

Nimeangalia pia wenzetu wanavyoiweka. Wikipedia ya Kijerumani huandika lugha mwishoni mwa rejeo. Ya Kifaransa hutanguliza msimbo wa herufi mbili, kabla hata ya jina la mwandishi, na hapo nawasifu, kwa sababu jicho linaiona mapema. Lakini kwa wasomaji wangu jina zima la lugha ni bora zaidi. Mtoto wa kidato cha pili atajuaje kwamba "de" ni Kijerumani?

Kwa mhariri, msimbo ndio wa kutumia. Kigezo cha rejeo, yaani ile fomu ya kujazia taarifa za chanzo, kina sehemu iitwayo language. Ukijaza de, msomaji wa Kiswahili ataona Kijerumani, na rejeo hilohilo likihamishiwa Wikipedia nyingine, jina litageuka lenyewe kufuata lugha ya huko. Ukiandika jina la lugha kwa mkono, halitafsiriki.

Sasa lalamiko langu. Kigezo hakionyeshi lebo pale lugha ya chanzo inapokuwa sawa na lugha ya ensaiklopidia yenyewe. Kwa hiyo kwenye Wikipedia ya Kiingereza chanzo cha Kiingereza hakina lebo, na wahariri wengi wa kule hawaijazi kabisa sehemu ile. Kwao haina hasara. Kisha sisi tunaichukua makala, tunaitafsiri, tunahamisha tanbihi zote kama zilivyo, na sehemu tupu inakuja ikiwa tupu. Msomaji wa Kiswahili anakuta safu ndefu ya vyanzo visivyo na lebo na hawezi kujua: hiki hakina lebo kwa sababu ni cha Kiswahili, au kwa sababu hakuna aliyejaza? Mara nyingi jibu ni hilo la pili. Wahariri wenzangu, tunapotafsiri, tuongeze en kwenye kila rejeo la Kiingereza. Ni herufi mbili tu.

Na tusiiamini sana zana ya kujaza rejeo kiotomatiki. Ukiipa anwani ya ukurasa, hutegemea lugha ambayo tovuti imejitangaza nayo, na tovuti nyingi za Kiswahili zimejengwa kwa programu ambazo mpangilio wake wa Kiingereza haukuwahi kubadilishwa. Niliwahi kunukuu habari ya gazeti moja la Kiswahili kuhusu kumbukumbu ya mashujaa wa Majimaji kule Songea, nikahifadhi bila kutazama. Mwanafunzi akanifuata: "Samahani mwalimu, pale pameandikwa Kiingereza, lakini nimefungua nikakuta Kiswahili." Zana ilikuwa imejaza en-US, msimbo wa Kiingereza cha Marekani. Nilirekebisha siku ileile, ila nilijiuliza ni wangapi walishaiona lebo ile wakaacha kufungua habari ambayo wangeielewa vizuri kabisa.

Kuna jambo ambalo lebo hailiwezi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilituma wanafunzi vijijini kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu vita hivi, na sehemu kubwa ya matokeo ikaandikwa kwa Kiingereza. Lebo itasema Kiingereza, na itakuwa sahihi kwa karatasi ile. Lakini mzee wa Umatumbi hakusimulia kwa Kiingereza. Katika rejeo la namna hiyo naongeza sentensi fupi kwamba maelezo yalitolewa kwa mdomo na kutafsiriwa. Kwa vyanzo vya Kijerumani natumia sehemu nyingine ya kigezo, trans-title, inayoweka tafsiri ya jina la chanzo ndani ya mabano ya mraba, ili msomaji ajue angalau kinazungumzia nini.

Ninachokitamani sasa ni kwamba Wikipedia yetu iache kuficha lebo ya Kiswahili. Kwenye makala za historia ninazohariri, vyanzo vya Kiswahili ni vichache, na mwanafunzi anayetafuta pa kuanzia angefurahi kukutana na maneno "(kwa Kiswahili)" katikati ya safu ile ndefu ya Kiingereza.