Picha za harusi: tulivyopima kifurushi cha nyeusi na nyeupe

Baadhi ya wapiga picha huuza kifurushi cha harusi kilicho cheusi na cheupe kuanzia picha ya kwanza mpaka ya mwisho. Hatukipendekezi. Picha nyeusi na nyeupe ni nzuri sana, ila ichaguliwe moja moja. Katika albamu ya picha 400, kama 40 hivi zinatosha.

Harusi ya kwetu ina rangi nyingi mno za kutupa. Nyekundu na kijani zenye mwanga sawa hutoka kijivu kile kile, kwa hiyo upande wa bwana harusi na upande wa bibi harusi wataonekana kama wameshonewa gora moja. Hina ndiyo inayoumia zaidi. Hina nyekundu na ngozi zote mbili ziko kwenye eneo la rangi ya chungwa. Mhariri akiinua mwangaza wa rangi hiyo kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha, ili uso ung'ae, hina inapauka. Akiishusha, mkono mzima unafifia gizani. Piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, haina shida hiyo: maua yake yanasomeka mpaka kwenye ncha za vidole. Kwa hiyo picha za mikono yenye hina ziachwe na rangi, hata kama kila kitu kingine kitatolewa.

Ukumbini usiku mambo hugeuka. Taa za LED za zambarau na buluu hupaka nyuso rangi ambayo hakuna mhariri anayeirudisha vizuri, na hapo nyeusi na nyeupe huokoa picha. Chembechembe za ISO 6400, yaani kamera ikiongezewa usikivu wa mwanga gizani, ambazo kwenye rangi huonekana kama uchafu, huwa zinavumilika. Machozi ya mama wakati wa kumuaga binti, ushungi, mikunjo ya shela: hivi vyote vinabebwa na mwanga na kivuli, havihitaji rangi. Lakini picha iliyotikisika haiponi kwa kutolewa rangi. Mpiga picha akikupa picha nyingi za ukumbini zikiwa nyeusi na nyeupe, omba uone zile za rangi kwanza.

Ngozi nyeusi inahitaji mkono mwepesi. Chungwa ikipandishwa kupita kiasi, uso unakuwa na majivu na mashavu yanapoteza umbo. Gauni jeupe nalo likichomwa na flashi, lesi haionekani tena, na hakuna kitelezi cha programu ya kuhariri cha kuirudisha.

Kwenye mkataba andikeni mambo mawili: kamera ipige faili ghafi (RAW), na kila picha nyeusi na nyeupe ije na nakala yake ya rangi. JPEG, ile faili ya picha ya kawaida, ikipigwa nyeusi na nyeupe ndani ya kamera hairudi kuwa ya rangi kamwe.

Halafu kuna kusafisha. Maabara nyingi husafisha picha hizi kwenye karatasi ya kawaida ya rangi, ambapo kijivu hutengenezwa kwa rangi tatu. Mashine isipopimwa sawasawa, weusi unaingia ukijani au uwaridi. Picha iliyokamilika kwenye karatasi hiyo haibaki na madini ya fedha kama zile za studio za zamani, kwa hiyo msidhani itadumu kuliko picha ya rangi. Kabla ya kulipia albamu, safisheni picha moja ya sentimita 10 kwa 15, muitazame kivulini mchana, kisha chini ya balbu ya sebuleni. Shela ikionekana ya kijani popote pale, irudisheni.